Fundi wa Kuzeesha Taa

Wasomaji, kwanza naomba radhi kwa mwandiko. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu nimeishika kwa kuandika "Nyanya zipo" kwenye kibao cha genge langu, basi. Herufi zangu zinalala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na penye r huenda mkakuta l, maana nyumbani tunasema Kinyamwezi na ulimi wetu hauzitenganishi sana. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unanila jioni nzima. Kwa hiyo nikijaza kurasa zote hizi juu ya mtu mmoja, jueni kwamba amenikera kweli.

Mtu huyo tulimwita Fundi. Hapa Isevya mafundi ni wengi, lakini kila mmoja anaitwa pamoja na kazi yake: fundi baiskeli, fundi cherehani, fundi redio. Yeye alikuwa Fundi mtupu, kwa sababu alijiita hivyo mwenyewe mpaka watu wakachoka kubisha. Kazi yake, kwa maneno yake, ilikuwa kufufua taa za kale. Alikuwa na kibanda kando ya njia ya kwenda Kwihara, ambako wageni huenda kutazama lile tembe la zamani la misafara, na genge langu la nyanya na vitunguu liko ubavuni mwake. Nimemtazama miaka mingi. Mtu asiyesema sana hupata muda wa kutazama.

Cha kwanza ulichokiona kwake ni mikono. Ilikuwa misafi. Fundi baiskeli wetu, ambaye kijiwe chake kipo ng'ambo ya barabara, ana mikono myeusi hata siku ya Idi, akipewa pilau anakula kwa kijiko kwa aibu. Fundi wa taa, mtu aliyedai anashinda akipigana na masizi na kutu ya enzi za mababu, alikuwa na kucha nyeupe kama za karani. Akisalimia alikupa mkono mzima, uone.

Ndani ya kibanda kulikuwa na rafu mbili. Ya mbele ilikuwa ya wageni. Hapo zilipangwa chemli zilizochakaa: zenye kutu, zilizobonyea, zenye vioo vilivyofuka moshi, nyingine hazina hata mkono wa kubebea. Rafu ya nyuma ilikuwa ya wenyeji. Hapo chemli ziling'aa kwa rangi ya fedha, ileile wanayopaka mageti. Mgeni angedhani mbele ni kazi inayosubiri na nyuma ni kazi iliyokwisha. Kumbe zote zilikuwa zimekwisha. Zile za mbele zilikuwa mpya, zimeletwa kwa basi kutoka Kariakoo zikiwa zimefungwa kwa karatasi. Zile za nyuma ndizo zilizokuwa za kale kweli, taa za bibi zetu na babu zetu, tulizompelekea atutengenezee. Mpya alizizeesha, za kale akazipaka rangi. Katika maisha yake yote ya ufundi sikumwona akiacha taa hata moja ibaki na umri wake.

Kuzeesha kulifanyika kwenye shimo nyuma ya kibanda. Humo alitia chumvi, majivu, maembe yaliyooza, mavi ya ng'ombe na mkojo. Mkojo aliupata kwa watoto wa mtaa. Aliwaita wakitoka madrasa, wakapanga mstari, na kila aliyemaliza alipewa pipi. Wakati wa maembe shimo lilinuka mpaka wateja wangu wakawa wananunua nyanya huku wameziba pua kwa khanga. Chemli mpya ilizikwa humo, ikitolewa imeota kutu nyekundu. Kisha aliibonyeza hapa na pale kwa mchi wa jikoni, na kioo akakipitisha juu ya moshi wa tairi. Kwa hiyo ukienda nyumba ya mtu huko mbali ukaona sebuleni chemli ya misafara ya pembe za ndovu, imewekwa juu ya kitambaa, na wenyewe wanaisogelea kwa heshima, kumbuka watoto wa Isevya na pipi zao.

"Kutu," alipenda kusema, "ni mvi za chuma." Msemo mwingine alioupenda ni huu: "Kitu cha kale hakisemi, husemewa." Na yeye alikisemea bila kuchoka. Siku moja alisimama pale mwalimu mmoja kutoka Dar na watoto wake. Akashika chemli akauliza ilibebwa na nani.

"Mpagazi," Fundi alisema. "Kutoka hapa hadi Ujiji, kurudi, hadi pwani."

"Jina lake?"

"Mwalimu wangu, mpagazi ana jina? Mpagazi ana mzigo."

Bibi yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya mafungu ya bamia. Babu wa Bibi alikuwa mpagazi. Hakuinua sauti. Alisema tu, kama anaongea na bamia, "Alikuwa na jina. Alikuwa na mke pia, na akirudi alikuwa anakoroma." Mwalimu aligeuka, lakini Fundi alikuwa ameshaanza hadithi ya simba.

Hadithi zake zilibadilika kulingana na mnunuzi. Mnene alielezwa njaa ya msafara. Mwenye watoto alielezwa simba. Wanandoa walielezwa mwanamke aliyemsubiri mpagazi wake kwa kuweka taa mlangoni, na hapo Fundi alifuta machozi, na machozi yalikuwa ya kweli, hilo ndilo lililonichosha zaidi. Alikuwa anayaamini maneno yake mwenyewe. Nadhani mtu akisema uongo uleule miaka mingi unamwotea ndani, naye anautunza kama mtoto.

Ila kuna jambo ambalo hata dereva anayewaleta wageni halijui. Fundi hakuwasha taa. Sisemi hakupenda kuwasha, nasema hakuwasha kabisa. Kibandani hakukuwa na tone la mafuta ya taa. Mteja akisema tujaribu, alijibu, "Taa ya kale haiwashwi, inaheshimiwa." Nyumbani kwake alikuwa na balbu ya sola. Umeme ulipokatika na sola ikamshinda wakati wa mvua, alikuja gengeni kwangu kuomba mshumaa.

Fundi baiskeli alimwona. "Mzee wa Kale, na taa zote zile umekuja kuomba mwanga?"

"Taa zangu ni za kuuza, si za kuonea."

"Basi na mimi niuze baiskeli zisizo na magurudumu. Nitasema zinaheshimiwa."

"Wewe hujui thamani ya vitu. Wewe unajua pancha."

"Pancha angalau najua ilipo."

Fundi alicheka pamoja nasi. Hakuwa mtu wa kununa. Na niseme na hili, maana nikilificha mtasema ninamwonea. Kwenye msiba alifika wa kwanza, akachimba kaburi hadi mwisho, na hiyo ndiyo siku pekee kucha zake zilikuwa na udongo. Mwaka mmoja wa mvua nyingi Bibi alishikwa na homa ya mapafu, bodaboda zikakataa kupita kwenye tope, na Fundi alimpakia kwenye baiskeli yake akaisukuma mpaka hospitali, mvua inamnyea. Hakuomba shukrani. Kila asubuhi baada ya hapo alisimama mbele ya genge, akainama kidogo, "Shikamoo mama mkubwa," na Bibi akajibu, "Marahaba baba, umeamkaje na ujanja wako?" Kama angekuwa mbaya moja kwa moja ningemdharau kwa raha. Alinilazimisha nimdharau kwa shida.

Mimi aliniita Bubu. "Bubu, nipe nyanya mbili." "Bubu, leo umesema maneno mangapi?" Sikumjibu. Ni kweli siongei mbele ya watu. Maneno hunijia, yakifika mdomoni yanakuta foleni.

Sasa nieleze taa ya Bibi, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Nyumbani kwetu tuna desturi moja. Msichana akiolewa, hata kama gari lipo, anatoka nyumbani kwa miguu baada ya Magharibi, na mwanamke mkubwa kuliko wote nyumbani anatangulia mbele yake ameshika chemli inayowaka. Wakifika kwa mume, moto wa kwanza wa jiko la bibi harusi unawashwa kutoka kwenye taa hiyo. Ikizimika njiani, watu wote wanarudi nyumbani na kuanza upya, hata kama walikuwa wamebakiza nyumba moja. Mama yangu aliletwa kwa baba hivyo. Bibi vilevile. Taa ni ileile. Ina umri gani, Bibi hakujua. Alisema alipozaliwa aliikuta.

Na taa hiyo iling'aa. Kila Alhamisi Bibi aliifungua, akaisugua kwa majivu laini na maganda ya ndimu, akaisuuza, akaianika juani, akakata pembe za utambi kwa mkasi ili moto usitoe masizi. Alifanya hivyo maisha yake yote, na mama yake kabla yake. Bati lilikuwa limekonda kwa kusuguliwa, limekuwa laini kama kijiko cha zamani. Ubavuni ilikuwa na kibonyeo kimoja cha ukubwa wa kidole gumba. Mama yangu alikiweka akiwa mtoto, alipojikwaa kizingitini ameibeba taa na hakuiachia, akaangukia juu yake. Bibi alikataa kukinyoosha. Alisema hicho ni kidole cha mtoto wake.

Dada yangu alipochumbiwa, Bibi aliitoa taa, akatia mafuta, na asubuhi akakuta meza imelowa. Tangi lilikuwa linavuja kwenye mshono. Bibi alijua kusafisha, kulehemu hakujua. Fundi baiskeli, ambaye hutulehemia vyombo, siku hizo alikuwa amesafiri kwenda Kaliua kwa ndugu zake. Basi Fundi alipokuja kusalimia, Bibi akamkabidhi taa mkononi.

"Baba, huu mshono tu. Usiisafishe, usiipake rangi. Lehemu, unirudishie. Mjukuu wangu anaolewa mwezi ukiandama."

"Mama mkubwa, kwako siwezi kukosea. Kesho."

Kesho ya fundi mnaijua. Nilitumwa kuulizia, nikasimama mlangoni pa kibanda, na kabla sijafungua mdomo alisema, "Bubu, mwambie Bibi risasi ya kulehemia imeisha." Nikatumwa tena, risasi ilikuwa imekuja, ila mkaa ulikuwa na maji. Nikatumwa tena, taa ilikuwa tayari, imebaki kupoa. Nyumbani shangazi walishafika kutoka Isikizya na kuku wao, mchele umechambuliwa, na Bibi kila jioni alikaa kibarazani akitazama njia, akiuliza, "Haijapoa tu?" Dada alisema si neno, tutumie tochi ya simu. Bibi akageukia njia. Usiku huo hakula.

Siku chache kabla ya harusi gari la wageni lilisimama. Walishuka watu wa makamo, mume na mke, Watanzania wenzetu, wamevaa kofia za jua. Mimi nilikuwa napanga vitunguu. Fundi alizunguka nyuma ya kibanda, akarudi na chemli iliyotoka shimoni, bado na udongo, akaifuta kwa kitambaa mbele yao polepole kama mtu anayefuta uso wa mgonjwa. Kutu tupu. Kioo cheusi.

"Hii," alisema, "nilikuwa sitaki kuiuza."

Mke akaipokea. Akapitisha kidole ubavuni. "Hapa pamefanyaje?"

"Hapo," Fundi alisema, na sauti yake ikashuka, "hapo mpagazi alianguka. Alikuwa amebeba mzigo kichwani na taa mkononi. Alikufa palepale. Taa haikuzimika."

Niliangalia kile kibonyeo. Kilikuwa cha ukubwa wa kidole gumba.

Sijui nilivukaje yale mafungu. Nakumbuka vitunguu vilibiringika mpaka kwenye tairi la gari. Nilisimama mbele ya watu watatu na nikasema, "Hiyo ni ya Bibi."

Fundi alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kumbe Bubu anasema." Kisha akawageukia wageni akitabasamu. "Msimjali mjukuu wangu huyu. Bibi yake ana taa yake, ipo ndani, mpya inang'aa. Hii ni ya msafara."

"Ipo ndani wapi?" nilimuuliza.

Akaingia kibandani. Tulimsikia akisogeza vitu. Alitoka na chemli mpya kabisa, nyekundu, karatasi ya kiwandani bado imeganda chini yake. "Si hii?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa ameiba. Mwizi angalau anajua anachochukua. Yeye aliweka taa ya Bibi pamoja na zile za Kariakoo kwa sababu iling'aa, na alipokuja kuzizika akaizika nayo. Mtu aliyejiita bingwa wa vitu vya kale alishika mkononi kitu cha kale kuliko vyote alivyowahi kushika, akakiona kipya, akakitia kwenye mikojo ya watoto ili kizeeke.

Yule mke alisema kwa upole, "Binti, una hakika? Zinafanana."

Nikamwambia, "Zungusha hicho kigurudumu cha utambi."

Akakizungusha kwenda mbele, kama chemli zote. Utambi ukashuka.

"Rudisha nyuma."

Akarudisha. Kilikwama kidogo kwa kutu, kisha utambi ukapanda.

"Kichwa chake kilifungwa kinyume zamani," nilisema. "Hii peke yake ndiyo inapanda kwa kurudi nyuma. Anayeiwasha anajua."

Mume alimgeukia Fundi. "Fundi, ulikuwa unalijua hilo?"

Fundi alishika kigurudumu, akakipeleka mbele, akakirudisha nyuma, mara nyingi, kama mtoto. Mwishowe akasema, "Taa ya kale ina siri zake." Yule mke akanipa taa, wakapanda gari, na Fundi akanisaidia kuokota vitunguu. Alivipanga vizuri. Alisema, "Ungesema mapema, Bubu." Mimi, niliyesimama mlangoni pake siku zote zile.

Bibi alipoiona hakulia. Aliiweka mapajani akaigeuza kama mtu anayekagua mtoto aliyerudi kutoka kwa watu wabaya. Aliuliza kitu kimoja, "Amesema nini?"

"Kwamba kutu ni mvi za chuma."

"Kutu ni uchafu," Bibi alisema. "Leta majivu."

Tulifanya kazi ile tukiwa watatu, mimi, Bibi na Dada, ambaye alitakiwa awe ndani anapakwa hina. Tuliifungua yote. Vipande tuliviloweka kwenye mafuta ya taa mpaka kutu ikalainika. Tukasugua kwa majivu na ndimu, panapogoma tukatumia mchanga laini uliochekechwa kwa khanga, maana mchanga mkavu wa barabarani unakwaruza. Bibi alinionya nisisugue kwa hasira. "Unasugua bati, humsugui yeye." Kioo kilioshwa kwa maji moto na sabuni, kikafutwa kwa gazeti. Maji yalitoka mekundu, kisha ya kahawia, kisha masafi. Kwenye kitako cha tangi, lile shimo la Fundi lilikuwa limekula bati mpaka likatoboka. Tulijaza tangi maji tukaona matone yanaanguka kutoka palepale na kutoka kwenye mshono. Mshono haukuwa umeguswa. Hakulehemu kabisa.

Fundi baiskeli alirudi kutoka Kaliua mkesha wa harusi, na kabla hajashusha begi Bibi alimpa taa. Alikausha tangi juani, akalisuuza tena na tena ili harufu ya mafuta iishe ndipo asogeze moto, akalehemu mshono, akaweka kiraka cha bati kwenye kitako. Kiraka ni kibaya, kina sura ya jani la mhogo. Lakini hakivuji. Kutu haikutoka yote. Yamebaki madoa ambayo hayatatoka tena, na Bibi alikataa rangi.

Jioni ya harusi Bibi alizungusha kigurudumu nyuma, utambi ukapanda, akawasha. Tukatoka. Upepo wa kiangazi ulikuwa mkali, vumbi linapanda, na njia nzima sikumtazama Dada, nilitazama ule moto. Kwenye kona ya msikiti ulilala kabisa, ukawa buluu. Bibi alisimama, akaifunika taa kwa mtandio, akasubiri bila haraka. Moto ukainuka. Tukafika. Jiko la Dada likawashwa.

Na Fundi alikuwepo. Alikuwa wa kwanza kufika, kanzu nyeupe, alibeba viti tangu asubuhi. Bibi alipopita na taa, nilimsikia nyuma yangu akimwambia mzee mmoja, kwa sauti ya mtu anayeficha fahari bila kuficha sana, "Taa hiyo nimeishughulikia mimi."

Baada ya hapo watu wa mtaa walianza kuwasha taa zao za rangi ya fedha. Nyingi zilikuwa zao kweli, chini ya rangi. Ila mzee mmoja wa asali, ambaye hulala porini na mizinga yake, aligundua kwamba chemli aliyorudishiwa si yake. Yake ilikuwa imezungushiwa uzi uliopakwa nta kwenye mkono wa kubebea, aliuzungusha mwenyewe ili usimuunguze. Alipokwenda kuuliza, Fundi alimwambia, "Ni ileile, nimeifufua." Mzee alisimama pale na taa isiyo yake, akaondoka. Yake ilikwishaondoka na wageni, na bila shaka ilikuwa na hadithi.

Bibi alifariki mwaka juzi. Kaburi alilichimba Fundi.

Nilikutana naye mwezi uliopita, na huenda ikawa mara ya mwisho, maana amezeeka ghafla. Macho yana mtoto wa jicho. Kibanda kimefungwa, shimo limefukiwa, na mwanawe amemwekea kiti nje ya nyumba ambako anashinda akisikiliza barabara. Nilikuwa natoka kununua mafuta, taa mkononi.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba. Bubu huyo. Umebeba nini kinachonuka mafuta?"

"Taa."

"Lete nione."

Kuona kwake sasa ni kwa vidole. Nilimpa. Mikono bado misafi. Alipapasa kioo, mkono, kifuniko, akatabasamu kwa huruma. "Laini. Mpya hii. Siku hizi wanatengeneza bati jembamba." Kisha akasema jambo ambalo bado linanichanganya. "Niachie. Shimo nitachimba jingine. Nitakuzeeshea bure, kwa ajili ya marehemu mama mkubwa. Alikuwa mtu wa vitu vya kale yule."

Kidole gumba chake kilikuwa kimefika kwenye kibonyeo, kikaingia, kikatulia. Nilidhani amekumbuka. Nilijiandaa hata kumsamehe, nilishaanza kutafuta maneno.

"Hapa pazuri," alisema. "Hapa ningesema mpagazi alianguka."

"Alianguka mama yangu."

"Mama yako hakuwa mpagazi."

"Alikuwa amebeba taa."

Alifikiri. "Na haikuzimika?"

"Bibi alisema haikuzimika."

"Ungeniambia tangu zamani," Fundi alisema kwa masikitiko ya kweli. "Hiyo nayo ingeuzika."

Nilichukua taa yangu mikononi mwake. Ilibidi nivute kidogo.

Wasomaji, nimefika mwisho na mkono unauma. Ombi langu ni moja. Kama una chemli iliyonunuliwa njia ya Kwihara, yenye kutu na hadithi, usiitazame tu. Iloweke kwenye mafuta, isugue kwa majivu na ndimu, taratibu, bila hasira. Ikibaki chuma kipya chini yake, umenunua mkojo, pole. Lakini ukikuta kwenye mkono uzi uliopakwa nta, mwenyewe yupo. Bado anaingia porini kila msimu, na tochi ya simu inawakera nyuki wake. Niandikieni. Nasoma polepole kama ninavyoandika, lakini barua nikianza huifikisha mwisho.